Jicho la Pili la Daruma

Tokuji alikibwaga kifurushi mezani mbele ya mtawa wa hekalu.

"Mchomeni huyu," alisema. "Mwongo mkubwa."

Mtawa hakushtuka. Kila Januari watu huwarudisha Daruma wao, vinyago vya kuombea heri, wachomwe, wengine kwa shukrani, wengine wakifoka.

"Amekukosea nini, mzee?"

"Miaka tisa. Tulimnunua hapahapa, kichwa chekundu kisicho na macho, kama wenzake wote. Tukamchora jicho moja, tukamwahidi la pili duka langu la tofu likistawi. Miaka tisa ananikodolea jicho moja kutoka rafuni, na wateja wananihama kwenda supamaketi. Jana nimefunga. Eti subira huvuta heri. Yangu imevuta nini?"

Kilichomchoma zaidi ni kwamba duka lilikuwa la babu yake. Jana, alipokuwa akiushusha ubao wa jina, Tokuji alilia mbele za majirani bila haya. Mkewe, Sumie, hakulia. Alisimama pembeni akiisugua mikono yake, iliyopasukapasuka kwa miaka thelathini ya kukata tofu, ile jibini laini ya soya, ndani ya maji ya baridi tangu alfajiri, akasema tu, "Pole, baba." Leo asubuhi alimfunga Daruma kwenye kitambaa cha hariri, vizuri kabisa, kama zawadi.

Sasa alikuwa uani, kwenye foleni ya uji mtamu wa mchele. Tokuji alimsikia akicheka na muuzaji, na hilo nalo likamkera. Mtu na msiba wake, mke na uji wake.

Mtawa alikifungua kitambaa, akatabasamu.

"Basi hongera, mzee. Mbona ana macho mawili?"

Tokuji alimnyang'anya Daruma. Kweli yalikuwa mawili, na wino wa jicho la pili ulikuwa bado unang'aa.

"Mzaha gani huu? Sikupata hata punje ya nilichoomba. Nani kamchora?"

"La kwanza alilichora nani?"

"Mke wangu. Mimi mkono wangu hutetemeka, wake umetulia. Yeye akashika brashi, mimi nikasimama nyuma yake nikaomba."

Tabasamu la mtawa lilififia. Alikohoa kidogo.

"Mzee, Daruma humsikiliza aliyeshika brashi."

Tokuji aligeuka. Sumie alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya uji. Glavu alikuwa amezivua, na kidole chake cha shahada kilikuwa na doa jeusi.

"Sumie," alisema taratibu. "Siku ile uliomba nini?"

Sumie alimpa kikombe kimoja, kingine akakikumbatia kwa viganja vyote viwili.

"Kunywa, baba, ungali moto," alisema. "Kesho tunalala mpaka jua lichomoze."