Kamba ya Sanduku

Pale karakanani, Bi Raya aliisukuma nguzo ya tatu kwa nyonga, ikayumba, akaguna.

"Shemeji, atakayenolea makucha hapa ni paka au chui?" fundi seremala alimtania.

"Paka. Lakini nguzo ikimyumbia mara moja tu, atarudi kwenye kiti cha marehemu."

Asubuhi ile alikuwa ameapa kumtupa paka huyo aliyekikwaruza kiti cha mumewe. Siwema, mkaza mwanawe aliyeolewa wiki tatu tu nyuma, alifunga sanduku lake kwa kamba ya katani, akaketi mlangoni na paka wake mapajani, akimngoja kaka yake aje kumchukua.

Nguzo ya nne, ya mninga, yenye kitako kipana, haikutikisika. Bi Raya aliibeba kichwani mpaka nyumbani, akaisimamisha kando ya kile kiti.

"Mwanangu," alisema bila kumtazama Siwema, "hii inataka kuzungushiwa kamba, na humu ndani hamna nyingine ila hiyo yako."

Siwema akaliinamia sanduku, vidole vyake vikaanza kulilegeza fundo. Paka alikuwa ameshashuka, amejinyoosha wima kwenye nguzo tupu, akiipima.