Kaburi la Bulaimu

Kila Ijumaa Koko Mwanvua aling'oa majani juu ya kaburi la Bulaimu, akamwomba msamaha, akarudi nyumbani kimya.

Watu wa mtaa wa Mikelenge walimhurumia. Walivyojua wao, Bulaimu alikuwa kijana wa Punia aliyekimbilia kwa Koko wakati wa vita, akafa kabla hajazoea mtaa. Babu Abdallah, mume wa Koko, alimwosha mwenyewe, mlango umefungwa. Wanawake walileta mchele na kuni. Shehe Djamali alimsalia. Vijana sita walipokezana jeneza, na lilipofika kwenye kizuizi hata askari walivua kofia, maana maiti hasimamishwi njiani.

Ijumaa hii Koko alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Mjukuu wake Rachida, anayesoma umeme katika shule ya ufundi, alikaa mkekani na daftari la Kiingereza.

"Koko, sikiliza. Fundi alipaka mashine grisi. Sasa nageuza: mashine ilipakwa grisi. Mashine njo inatangulia."

"Na fundi?"

"Unaweza kumuacha. Hakuna mutu atamuuliza."

"Ah! Basi hiyo ni luga ya watu wenye makosa."

Rachida akacheka. "Hata Kiswahili iko nayo, Koko."

"Basi na sisi tuko na makosa," Koko akasema, akatwanga.

Rachida akafunua ukurasa. Alisoma Kiingereza taratibu, kisha akatafsiri: "Jenereta iliibwa. Hii Prof Musafiri anatupatia kila mwaka. Akigeukia ubao, darasa yote inanong'ona: na wewe! Anasikia, lakini anajifanya tumenong'onea lile sikio lake la kufa."

Kinu kikanyamaza.

Wakati wa vita Musafiri alikuwa mkuu wa karakana ya shule. Asubuhi moja askari walikuja kuchukua jenereta, wakakuta sakafu tupu na kufuli zima. Walimpiga mpaka sikio moja likafa. Ufunguo wa pili ulikuwa kwa mlinzi, ndiye Babu Abdallah, lakini nani angemshuku mzee aliyekuwa bado kwenye matanga ya Bulaimu? Vita ilipoisha mji ulisema Musafiri aliiuza. Karakana bila mashine haihitaji mkuu, basi akapewa kufundisha Kiingereza. Tangu hapo watoto wanajifunza mota kwa chaki.

"Kesho wazazi wanakutana," Rachida akasema. "Watamufukuza. Kuko watu wanataka kutuletea jenereta mpya, na wazazi wanasema haiingii kama mwizi iko ndani."

Koko aliutazama mchi mkononi. Babu Abdallah alimwapisha: vita ikiisha, tutasema. Babu akafa kabla haijaisha. Ilipoisha, Koko alifungua mdomo, akakumbuka ule mchele wa majirani na zile dua za shehe, akaufunga. Mwaka ukazaa mwaka. Kila alipokutana na Musafiri njiani, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuinamisha macho.

"Kitendawili!" akasema ghafla.

"Koko, niko na mtihani."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana tumbo, hali ugali. Akilala, nyumba ina huzuni. Akilia, watu wote wanafurahi."

"Mutoto muchanga!"

"Hapana."

Rachida alifikiri, akashindwa. "Basi nakupa mji. Chukua Kalima."

"Kalima sitaki."

"Punia?"

"Punia nilishakula zamani, na bado inanikaa kooni. Nipe Kindu hii yetu."

"Kindu yote? Hilo jibu litakuwa kubwa namna gani?"

Koko hakucheka. "Nenda umwite Mwalimu wako. Pitia kwa Shehe Djamali. Waambie wanikute kwa Bulaimu, Mwalimu aje na jembe. Leo nitasema nani alifanya."

Walimkuta amekaa kando ya kaburi, kibidoni kidogo kimefungwa katika kitambaa mapajani mwake. Shehe alidhani ni maji ya kunyunyizia. Musafiri alisimama akimgeuzia Koko sikio zima.

"Mama Mwanvua," akasema polepole, "kama unataka kuniambia Bulaimu njo aliiba, acha. Maiti hawezi kujibu. Mimi hilo jina nimeshalizoea."

"Bulaimu hakuiba kitu. Chimba, baba."

"Astaghfirullah!" Shehe aliinua mikono. "Mama, kaburi la Muislamu halifukuliwi! Mimi mwenyewe nilimsalia huyu kijana."

"Ulimsalia, shehe, na mimi nikakuacha. Nikala na mchele wa watu." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Dhambi ni ya marehemu mume wangu na yangu. Yeye alifanya kwa kuokoa, mimi nikanyamaza kwa aibu. Lakini huyu Mwalimu amebebeshwa mzigo wetu hata mgongo umepinda. Chimba!"

Shehe alifunika uso. Rachida alimshika nyanya yake mkono. Musafiri alitazama kaburi, akamtazama mama yule mzee, akatema mate viganjani, akachimba.

Shimo lilimfikia magotini, kisha kiunoni. Hapakuwa na ubao, hapakuwa na sanda. Jembe likagonga, likalia kama kengele.

Musafiri akapiga magoti. Akararua turubai, akafuta grisi kwa mkono wa shati, akabaki ameweka kidole juu ya namba ya karakana ambayo yeye mwenyewe, miaka ile, aliigonga kwenye chuma kwa nyundo na patasi.

Koko Mwanvua alifungua kibidoni chake. Harufu ya mazutu, mafuta ya dizeli, ikapanda.

"Amka, Bulaimu," akasema. "Mwalimu wako amekuja kukuchukua."