Penseli ya Bi Sikudhani

Tangu zana za mkono zipigwe marufuku, ruhusa iliyobaki ni kuzichora tu. Bi Sikudhani, seremala wa zamani, aliujaza ukuta wake michoro ya penseli: randa, msumeno, na patasi yenye mpini uliolika pale kidole gumba kinapokaa.

Mkaguzi wa zana alisimama mbele ya ile patasi akasahau kilichomleta. "Mama, hii nzuri mno! Natamani kuishika."

"Mchoro tu huo, mwanangu." Patasi yenyewe ilikuwa ndani ya debe la unga, nyuma ya mgeni wake.

Mkaguzi akachukua penseli mezani ajaze fomu, kisha akaitazama ncha. Haikuwa na uviringo wa mashine ya kuchongea. Ilichongwa bapa bapa, kiseremala.

"Mama," akauliza kwa upole, "hii umeichonga na nini?"