Maji ya Alfajiri

Kila alfajiri Ambwene alimwagilia barabara ya mgodini kwa lori la maji, vumbi lisiwapofushe madereva. Siku hiyo, pamoja na baridi kali, alimwaga kama kawaida, kutoka juu hadi bondeni. Aliposhuka kukagua bomba, mguu ulimteleza akaanguka chali. Akapapasa chini. Maji yake yote yalikuwa yameganda, mteremko mzima unang'aa kama kioo.

Juu kabisa, lori la Sekela lilikuwa likikata kona, limesheheni mawe.

Ambwene alijikokota hadi kwenye lori lake, akashika redio ya upepo. "Dada Sekela, usishuke! Maji niliyomwaga yamekuwa barafu!"

"Sekela, shuka," msimamizi wao akadakia redioni. "Kiwanda kinasubiri mawe. Na wewe Ambwene, kazi yako ni maji tu."

"Nimesikia," Sekela alijibu, asiseme amemsikia nani.

Kule juu lori lake lilinguruma, likasita, kisha likaegemea tuta la kando na kutulia.

Ambwene alichukua koleo, akaanza kutawanya kokoto kuanzia chini. Alipoinua kichwa, alimwona Sekela akiteremka ngazi ya lori lake taratibu, koleo begani. Redio ziliendelea kuita ndani ya malori mawili yasiyo na mtu.