Ukaguzi wa Mlangoni

"Usiiwashe," kaka mtu alisema. "Nakuomba, mdogo wangu."

Dada alikwisha kuiweka mashine ya oksijeni juu ya meza ya karakana. Chuma chake kaka ndiye aliyekiunda. Programu yake aliiandika dada. Mama yao alikuwa amezikwa jana.

"Unaogopa nini? Watu wasione ulichokifanya?"

Katika chumba cha pili ndugu walikaa wakisubiri baba mdogo aamue kama kaka huyu bado ni mtu wao. Shangazi, aliyemuuguza mama, aliwaambia alichokijua: umeme ulikatika akiwa uani, ukarudi, alipoingia ndani feni ilikuwa ikizunguka, mashine kimya, na wifi yake hapumui.

Ugomvi wa kaka na dada haukuanzia msibani. Dada alitaka programu ilikague faili la mipangilio ya mashine papo hapo inapolisoma. Ikikuta kosa, hata moja, igome kuwaka. Kaka alitaka isome, iwake, na kila kitu kikaguliwe kitakapohitajika.

"Mgeni hafukuzwi mlangoni kwa sababu kofia imekaa upande," alizoea kutania.

"Na mwizi je? Utamkagua akishafika chumbani?"

Leo hapakuwa na utani.

"Uliutoa ukaguzi wangu," dada alisema. "Mashine ikawaka na kosa tumboni, ikamzimikia mama katikati ya pumzi. Kanusha!"

"Maneno yako niliyasikiliza," kaka alisema polepole.

"Uliyasikiliza! Sikio la kufa halisikii dawa."

Baba mdogo akasimama mlangoni, ndugu wamejazana nyuma yake. "Mwenzako amesema. Jitetee."

"Sina la kujitetea, baba. Kosa ni langu."

"Unakiri?"

"Nakiri. Yeye hahusiki kabisa."

Mzee akapisha mlangoni. "Basi toka. Na arobaini ya mama yako usije."

Shangazi akaangua kilio. Kaka akachukua koti lake, akampita dada bila kumtazama.

"Ngojeni!" dada akasema. "Asiondoke na siri yake. Njooni muone kwa macho yenu."

Akabonyeza swichi. Kioo cha mashine kikajaa maandishi, maneno ya ukaguzi aliyoyatunga mwenyewe, na baba mdogo akayasoma kwa sauti:

"Mipangilio ya oksijeni: sawa. Mwangaza wa kioo: si sahihi. Mashine haitawaka."