Kombe Chungu

Kofi la kwanza lilimtupa Nasra juu ya mbuzi ya nazi. La pili hakuliona lilikotoka.

"Nani kakupa?" Sadalla alinguruma. Mkononi alishika kikopo cheupe alichokifukua kwenye pipa la mchele, kimejaa vidonge. Vya namna ile alivijua. Marehemu jirani yao hapo Makorora alivinywa, na mtaa mzima ukayajua maradhi yake. "Mwanamume gani kakuambukiza? Sema!"

"Hakuna mwanamume, mume wangu."

Teke la mbavu likamkata pumzi.

"Miaka yote nalala na maiti, kumbe!"

Na afya yake Sadalla aliilinda kama mboni ya jicho. Zamani homa ya ini ilimlaza, macho manjano kama bizari, tumbo limejaa maji. Daktari akampa vidonge vya kila siku, maisha yake yote; akiviacha, ini litamgeuka. Alivinywa mwezi mmoja bila hata kuvitazama, akavitupa, akaapa kuwa mke akimtajia tena vidonge, talaka. Akaenda Pongwe kwa Shekhe Yasini kuandikiwa kombe. Aya za zafarani juu ya sahani, Nasra akiziosha kwa marashi na kumletea kikombe kila asubuhi. Tumbo likanywea, macho yakatakata. Mwaka jana daktari alimpima, akatabasamu: "Ini limetulia, mzee. Endelea vivyo hivyo." Sadalla akacheka moyoni.

Kombe lenyewe chungu kama shubiri. Jirani yao Mwatumu alilionja siku moja, akatema. "Shemeji, mbona langu la Shekhe huyo huyo lanukia marashi tu?"

"Lako la uzazi, shemeji," Sadalla akamjibu. "La ini lazima likaze uso!"

Basi asubuhi hii Sadalla akachukua mchi. Mkono wa kulia wa Nasra ukalia kama ukuni mkavu. Mwanamke hakupiga yowe. Ila alipomwona mumewe anaelekea chooni na kikopo, alijiburura sakafuni akamng'ang'ania miguu.

"Niue mimi, Sadalla. Vidonge viache!"

"Wavipenda kuliko roho yako?"

Kisigino kikamshukia kinywani. Taya likateguka. Vidonge vyote vikaporomoka shimoni, kikopo kikafuata.

Sadalla akarudi ukumbini akihema, akanawa damu, akaketi mkekani. "Talaka yako utaipata nikishakunywa kombe langu. Lete!"

Nasra akalileta kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaning'inia. Alitaka kusema neno. Kilichotoka ni damu na mkoromo.

"Hata adabu imekwisha, wanipa kwa kushoto!"

Akakipokonya kikombe. Akapiga bismillahi, akakunja uso mapema kama ilivyo ada yake, akapiga funda kubwa.

Marashi tu. Uchungu haukuwamo.