Mbuzi Agawana Spinachi na Digidigi

Digidigi mwoga alipanda spinachi nyuma ya nyumba yake. Ziliponawiri tu, Mbuzi mlafi akaingia na pembe zake.

"Nigawie, la sivyo nang'oa zote!"

"Karibu, shangazi," Digidigi akasema. "Wewe chukua majani machanga ya katikati. Haya majani makubwa ya nje niachie mimi."

"Unaniona mjinga?" Mbuzi akafoka. Akayafyeka makubwa yote, akamwachia yale machanga, akaenda zake akicheka.

Digidigi akamwagilia maji, kisha akazungushia ua wa miiba. Baada ya wiki mbili Mbuzi akachungulia kwa nje, akaona spinachi zimejaa tele.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Ni yale machanga uliyoyakataa, shangazi," akajibu Digidigi huku akitafuna. "Angalia miiba isikuchome pua."